Jeni Si Jini: Habari za Neno Moja la Kiingereza Lililoingia Nyumbani Mwetu

Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imenitaka tena niandike ukurasa wa historia. Mwaka jana niliandika habari za majahazi ya kaskazi, na mwaka uliotangulia niliandika juu ya majina ya mitaa ya Unguja, nikapokea barua kutoka Maskati na Dubai za kunisahihisha, nami nawashukuru walioziandika. Safari hii naomba radhi mapema. Sitaandika habari za mji wala za chombo, bali za neno, na neno lenyewe ni la Kiingereza. Lakini atakayenivumilia ataona kwamba limo nyumbani mwetu, na kwamba mimi binafsi nina deni nalo.

Neno hilo ni "gene", ambalo kwa Kiswahili cha leo huandikwa jeni.

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2019 alipozaliwa mwana wa mjukuu wangu. Mjukuu wangu huyo, kama mjuavyo, amemwoa mjukuu wa marehemu kaka yangu. Sote tulifurahi kwamba damu imerudi nyumbani. Mama alipokuwa na mimba walipimwa damu wote wawili hapa Uingereza, wakaambiwa kila mmoja ni mchukuzi wa sikoseli. Mtoto akazaliwa, akachomwa kisigino kama wanavyochomwa watoto wote wachanga wa nchi hii, na baada ya wiki chache majibu yakaja. Mjukuu wangu akapiga simu, nasi tukaiweka simu mezani ili wote tusikie. Akaisoma barua kwa Kiingereza na kuifasiri, na alipofika kwenye neno lile hakulifasiri, akalisema kama lilivyo. Mama mdogo wangu, aliyekuwa ameketi na tasbihi yake, akainua uso akauliza:

"Jini? Jini wa nani huyo, baba?"

Vijana wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nitakayoieleza baadaye. Mama mdogo naye hakuwa akifanya mzaha. Kwa sikio la Mswahili, Mwingereza akilitamka neno hilo anasema "jini" barabara, hapungukiwi hata herufi.

Usiku ule ule simu zilipigwa kwenda Maskati na kurudi. Mmoja akasema ni lazima yametoka upande wa kwa bibi, maana bibi yake asili yake Mrima. Mwengine akasema hapana, ukoo wa kwa baba ndio wenye watoto wadhaifu tangu zamani. Mwengine akataja jicho. Mpaka kulipopambazuka, mtoto wa mwezi mmoja alikwisha kuwagombanisha watu wa nchi tatu. Ndipo nilipoazimia kulitafuta neno hili asili yake, nione ni kitu gani hasa tulichokuwa tukigombania.

Nianze na Wayunani. Katika lugha yao ya kale, "genos" ni ukoo, kizazi, aina ya viumbe. Mzizi wake una maana ya kuzaa. Kutoka mzizi huo huo wa kale Warumi walipata "genus" na "gens", na Waingereza kwa njia yao wenyewe wakapata "kin", yaani jamaa, na "kind", yaani aina, na hata "king", mfalme, ambaye kwa asili ni mtu wa ukoo. Haya yanajulikana na kila mwenye kamusi nzuri. Lakini kuna tawi moja la mti huu ambalo Waingereza hawalitaji na sisi hatulijui, ijapokuwa tunalikalia.

Neno "genos" la Wayunani lilipita kwa Wasuria wa zamani, wale waliozungumza Kiaramu, na kutoka kwao likaingia katika Kiarabu kwa sura ya "jins", yaani aina au namna ya kitu. Kutoka Kiarabu likaja kwetu. Na sisi tukalifanya nini? Tukalifanya jinsi. "Jinsi gani?" "Sijui jinsi alivyofanya." Na miaka hii ya karibuni waandishi wamelitumia kuunda neno jinsia. Kwa hiyo mtoto wa Malindi au wa Mkunazini anayeuliza "jinsi gani?" anatamka neno la ukoo mmoja na hilo "gene" la madaktari. Lilitufikia kwa bahari, karne nyingi kabla hospitali haijalileta kwa barua. Nilipoligundua jambo hili nilimpigia simu binamu yangu wa Sohar saa sita za usiku wake, naye hakufurahi kama nilivyotaraji.

Ama jini la mama mdogo, hilo ni jengine kabisa. Kiarabu kina mzizi wenye maana ya kufunika na kusitiri. Jini ameitwa hivyo kwa kuwa amesitirika na macho. Kutoka mzizi huo imetoka "janna", bustani iliyofunikwa na miti, ambayo ndiyo Pepo tunayoiomba. Na "majnun", mtu aliyefunikwa akili. Na "janin", mtoto aliyesitirika tumboni mwa mama yake. Hakuna nasaba baina ya jini hili na "genos" ya Wayunani. Yamefanana sauti tu, kama watu wawili wasiojuana waliokutana forodhani wamevaa kanzu ya kitambaa kimoja.

Kufanana huko, hata hivyo, kumewapoteza wengi kabla ya mama mdogo. Warumi waliamini kwamba kila mwanamume huzaliwa na mlinzi wake asiyeonekana, wakamwita "genius", na neno hilo ni la mzizi ule ule wa kuzaa. Karne ya 18 Mfaransa Antoine Galland alipokuwa akifasiri Alfu Lela U Lela, vitabu vyake vikitoka baina ya 1704 na 1717, alikutana na majini wa Kiarabu, akawaandika kwa neno la Kifaransa lililotokana na "genius". Sauti zilikaribiana na maana zilikaribiana, basi akayaoza. Waingereza wakamfuata. Hivyo mama mdogo alipokuwa akiuliza "jini wa nani?" alikuwa ameingia katika kosa lenye heshima yake, na wakubwa wa elimu walilitangulia.

Sasa tuje kwenye kurithi. Neno letu limetoka Kiarabu, na asili yake ni mali: mirathi, mrithi, warithi. La Kiingereza pia, "heredity", limetoka kwa Warumi, na "heres" kwao ni mrithi wa mali ya marehemu. Ni katika karne ya 19 tu ndipo wataalamu wa viumbe walipolitwaa kwa wingi neno hili la makadhi na mawakili na kulitumia kwa pua, rangi na maradhi. Walikuwa na haja ya neno, wakaazima lililokuwapo. Sisi nasi tumefanya hivyo hivyo tukisema mtoto "amerithi macho ya baba yake."

Lakini tazameni mambo yalivyo. Baba akimpa mwana macho yake, je, yeye anabaki kipofu? Mirathi ya mali hupatikana mtu akifa. Hii hupatikana yeye yu hai. Mali hugawanywa ikapungua, hii haipungui. Na katika faraidhi mtoto wa kiume hupata mafungu mawili ya mtoto wa kike, ilhali katika hili mama na baba hutoa karibu sawasawa, na mtoto wa kike hapunjwi. Neno la kuazima lilileta na fikra zake, kama mgeni aingiavyo na mizigo. Likawafanya watu waamini kwamba sifa yenyewe ya mtu, urefu wake, udhaifu wake, hutoka mwilini mwake ikaingia mwilini mwa mwanawe. Na kama kitu kimetoka kwa mtu, basi aliyekitoa anaweza kulaumiwa.

Charles Darwin mwenyewe alikuwa karibu na fikra hiyo. Mwaka 1868 alitoa dhana kwamba kila sehemu ya mwili hutoa vichembe vidogo mno vinavyosafiri mpaka kwenye mbegu za uzazi. Dhana hiyo aliipa jina "pangenesis", kwa maneno ya Kiyunani, "pan" ikiwa na maana ya kila kitu. Dhana haikusimama, lakini jina lilibaki limelala. Mwaka 1889 Mholanzi Hugo de Vries akaliamsha na kulifupisha, akaviita vichembe alivyovidhania yeye "pangen".

Miaka miwili tu kabla ya dhana ya Darwin, mtawa mmoja katika mji wa Brno, ambao siku hizo ulikuwa chini ya Austria, alikwisha kuchapisha kazi iliyobeba jibu. Gregor Mendel alipanda njegere kwa miaka minane, akazihesabu kwa subira ya ajabu. Katika jaribio moja alipata punje 7,324 za kizazi cha pili. 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zina mikunjo, yaani tatu kwa moja. Mikunjo iliyopotea katika kizazi cha kwanza ikarudi kwa wajukuu. Haikuwa imekufa, ilikuwa imesitirika. Mendel hakutumia neno "gene" wala hakulijua. Alichapisha mwaka 1866, akafa 1884, na kazi yake haikufahamika sawasawa mpaka mwaka 1900.

Aliyelizaa neno ni Mdenmark, Wilhelm Johannsen, mzaliwa wa Copenhagen, mwaka 1857. Napenda habari zake, kwani hakuanza kama mwanachuoni. Nyumbani kwao hapakuwa na uwezo wa kumpeleka chuo kikuu, basi akapelekwa kujifunza kazi ya duka la dawa, na mwaka 1881 akapata kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Kazi iliyompa jina aliifanya kwa maharage. Alichukua maharage yanayojichavusha yenyewe, akayafuata mstari kwa mstari, kila mstari ukiwa umetokana na harage moja. Ndani ya mstari mmoja hupatikana maharage makubwa na madogo, kwa sababu ya udongo, maji, na mahali harage lilipokaa katika ganda lake. Johannsen akachagua makubwa akayapanda, akachagua madogo akayapanda. Watoto wa makubwa na watoto wa madogo, katika mstari ule ule, wakatoka na uzito wa wastani mmoja. Matokeo aliyatangaza mwaka 1903.

Naomba msomaji asipite haraka hapa. Harage kubwa halikumrithisha mwanawe ukubwa wake, wala dogo udogo wake. Kilichopita baina ya mzazi na mtoto kilikuwa kitu chengine, kilichokuwa sawa katika yote mawili, na ukubwa ulioonekana kwa macho ulikuwa ni hicho pamoja na udongo na mvua. Wazee wetu nao waliliona jambo hili pande zote mbili. Walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na wao hao hao wakasema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi tulizichukua methali hizi kila moja kwa siku yake, hii ya kusifia na ile ya kutusi, hatukukaa tukaziweka pamoja.

Mwaka 1909 Johannsen alitoa kitabu kikubwa kwa Kijerumani, na humo ndimo alimolikata neno. Alichukua "pangen", akaitupa "pan" pamoja na dhana zake za kale, akabakisha silabi ya mwisho: "Gen". Alieleza kwamba amelipenda kwa sababu ni fupi, na kwa sababu halina ndani yake dhana yoyote juu ya kitu hicho kikoje. Lilikuwa kama chombo kitupu. Mwaka 1911 akaandika kwa Kiingereza katika jarida moja la Marekani, likapata herufi yake ya mwisho na kuwa "gene". Na mwanzoni mwa makala yale alilalamika juu ya jambo lile nililolitaja: kwamba maneno ya kurithi yaliazimwa kutoka mambo ya mali na haki, na yamewapotosha watu wakadhani sifa za mtu binafsi ndizo zinazopokezwa. Nilipoyasoma nilifurahi kama mtu aliyekutana na mwenyeji wake ugenini.

Elimu yenyewe ilikwisha kupata jina kabla ya kitu kupata chake. Mwingereza William Bateson alilipendekeza "genetics" katika barua ya mwaka 1905, na mwaka 1906 akalitangaza mbele ya mkutano London. Baada ya hapo kile chombo kitupu kikaanza kujazwa. Thomas Hunt Morgan na wanafunzi wake New York wakaonyesha kwa nzi wadogo wa matunda kwamba jeni zimepangika juu ya kromosomu, na mwaka 1953 sura ya DNA ikajulikana. Hayo vijana wenu wanayajua kuliko mimi.

Lakini ipo aya moja nisiyoweza kuiruka, ijapokuwa si tamu. Francis Galton, jamaa yake Darwin, mwaka 1883 aliunda neno "eugenics" kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mzaliwa mwema. Kwa Kiswahili chetu cha zamani tungesema muungwana, mwenye nasaba. Yeye alitaka koo njema zizidi na koo dhaifu zipungue. Mwaka 1907 jimbo la Indiana, Marekani, likatunga sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu walioonekana hawafai kuzaa, na mwaka 1933 Wajerumani wa Hitler wakatunga yao, na mwisho wake dunia inaujua. Nilipokuwa nikisoma habari hizo nilikumbuka mazungumzo ya barazani nilipokuwa mdogo, fulani waungwana, fulani si waungwana, huyu aozwe, huyu asiozwe. Sisemi ni kitu kimoja. Ila yale yaliyosemwa kwenye simu mwaka 2019, kwamba maradhi ni lazima yawe yametoka Mrima, yalisemwa kwa sauti ya baraza ile.

Basi ukweli wa sikoseli ni huu. Maradhi yaliandikwa mara ya kwanza na daktari James Herrick wa Chicago mwaka 1910, alipoziona katika damu ya kijana wa Grenada chembe zilizopinda kama mundu, na ndiyo sababu Waswahili wa sasa wameyaita selimundu. Mwaka 1949 ikajulikana kwamba mgonjwa lazima apate jeni hiyo kwa baba na kwa mama. Mwenye kuipata kwa mmoja tu ni mchukuzi, na aghalabu ni mzima. Mwaka huo huo Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba kasoro imo katika hemoglobini yenyewe. Baada ya miaka michache Vernon Ingram, katika maabara ya Cambridge, akapata kwamba tofauti ni ya kiungo kimoja tu katika mnyororo wake.

Na kwa nini jeni yenye kuua watoto haikutoweka? Jibu lilitoka kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikwenda huko mwaka 1949 kupima damu za watu, akaona wachukuzi ni wengi pwani na kandokando ya ziwa Victoria, na wachache mno katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha sababu: mchukuzi ana kinga dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu jeni imebaki, kwa kuwa iliwaokoa wengi. Na si Afrika peke yake. Katika Oman yenyewe, wataalamu waliochunguza wameikuta jeni hii katika sura za Kiafrika na pia katika sura yake ya Arabuni na Bara Hindi. Mtu wa Batina aliyekaa na mbu karne kwa karne hahitaji bibi wa Mrima ili awe mchukuzi. Na hata ingekuwa yetu imetoka Mrima, basi imetoka kwa mabibi waliovuka malaria kwa sababu yake, na bila wao sisi tusingekuwapo tukagombana kwenye simu.

Sasa nilipe deni langu.

Niliingia kazini katika maabara ya hospitali hapa Uingereza mwaka 1972, nikapima damu za watu mpaka nilipostaafu 2009. Mwaka 1975 tulipokuwa tukijaribu dawa mpya za kipimo, kila mmoja wetu alitoa damu yake ili tupate za kulinganisha. Yangu ilikuwa ya mchukuzi. Niliirudia mara tatu. Kisha nikakaa juu ya kigoda, na aliyenijia mbele ya macho ni dada yangu.

Wadogo hamkumjua. Alifariki Unguja mwaka 1957, ana umri wa miaka tisa, nami nina minane. Nakumbuka vidole vyake vilivyovimba, macho yake ya manjano, na jinsi alivyolia usiku wa baridi akiomba miguu yake isiguswe. Wengine walisema baridi yabisi. Wengi wakasema ana jini. Akafukiziwa, akanyweshwa kombe, akatolewa sadaka, na waliyoyafanya waliyafanya kwa mapenzi, kwani hawakuwa na jengine. Alipofariki, baadhi ya watu wakasema mama alipita mahali asipopaswa kupita akiwa na mimba yake, na mama aliyabeba maneno hayo miaka yote iliyombakia.

Mwaka 1975 nilijua. Kama mimi nilikuwa mchukuzi na dada alikuwa na maradhi, basi baba na mama wote wawili walikuwa wachukuzi, na katika kila mimba yao kulikuwa na fungu moja katika manne la kupata mtoto mgonjwa, mafungu mawili ya mchukuzi, na moja la asiye na kitu. Ni hesabu ya njegere za Mendel. Na kila mimba huhesabiwa upya, haijali aliyetangulia. Nilijua pia kwamba kaka yangu huenda ni mchukuzi kama mimi. Wala sikusema. Mama alikuwa hai, nikahofia nikimwambia "imetoka kwako na kwa baba" atasikia lile nusu la kwanza tu. Alipofariki, nikasema nitangoje arubaini ipite. Kisha ikapita miaka. Watoto wakaoana, nikala pilau ya harusi yao, nami ndiye niliyekuwa mkubwa wa wasemaji siku ile. Laiti ningesema, wangejua mapema, wakaamua wenyewe kwa macho wazi. Mjukuu wangu amenisamehe, na mkewe pia. Namwandikia kila mmoja wenu ili asiwe na haja ya kunisamehe baadaye.

Mtoto hajambo. Alianzishiwa penisilini kabla ya kutimiza miezi mitatu kama ilivyo desturi ya hospitali za hapa, anakunywa dawa zake, na amelazwa mara chache kuliko tulivyohofia. Anapenda mpira, na baridi ikizidi mama yake humvisha soksi jozi mbili.

Na mwisho nieleze yaliyotokea mwezi wa Rajabu uliopita. Kamati ilinipa karatasi ya shajara ya ukoo niikague kabla haijachapwa. Waingereza shajara kama hii huiita "pedigree", na hilo nalo lina hadithi, kwani asili yake ni maneno ya Kifaransa yenye maana ya mguu wa korongo, kwa vile mistari mitatu inayoshuka kutoka kwa mzazi hufanana na nyayo ya ndege. Waarabu wao waliona mti, na ndiyo maana ya shajara. Yetu ilikuwa mti wa wanaume watupu: fulani bin fulani bin fulani. Mama zetu hawamo, na dada yangu, aliyekufa bila kuolewa wala kuzaa, hakuwa na hata nukta. Nikamweleza mama mdogo kwamba kwa karatasi hii hakuna daktari atakayeweza kufuata jeni yetu hata hatua moja, kwani nusu ya njia imefutwa.

Akaniuliza tena, kwa utulivu, hilo jini linapita vipi. Nikamweleza kwa maharage na njegere, kwa kuwa amepika vyote viwili miaka sabini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Kwa hivyo dada yangu hakukanyaga pahala."

Nikamwambia, "La, mama. Hakukanyaga pahala."

Akanyamaza kitambo, akavuta tasbihi punje mbili tatu. Halafu akakunja mkono wa buibui lake akaniambia nimpeleke akapimwe naye, katika umri wake wa miaka 87, alijue lake. Majibu yalikuja baada ya siku kumi: mchukuzi. Ameniagiza niiandikie kamati kwamba jina lake liwekwe kwenye shajara pamoja na la mama yangu na la dada yangu, na kwamba pembeni ya lake iwekwe alama. Tumekubaliana ukurasa wa 31 uchapwe upya. Tahajia sahihi nimemfundisha, jeni, kwa herufi e. Yeye bado anasema jini, nami nimeacha kumsahihisha.